Paa Lilianza Kuvuja Lini?

Usiku wa mvua ya Mei hapa Malindi hauhitaji saa. Karai latosha. Likijaa mara ya kwanza ni saa nane. Likijaa mara ya pili, muadhini yu njiani. Mwaka 2024 nilimwaga karai mara tatu usiku mmoja, katika chumba nilichopanga vitabu vyangu vya miaka thelathini ya ualimu. Tone lilikuwa limejichagulia njia: likaingia penye msumari wa bati, likatambaa juu ya mbao hadi kwenye siling'i, likatuna hapo kama jipu, kisha jipu likapasuka juu ya kabati. Mke wangu alishika taa, mimi nikabeba kamusi.

Kulipokucha sikuwa na huzuni kubwa. Nilikuwa na bima. Mtaani kwetu Barani wenye bima ya nyumba twahesabika kwa vidole, na kuwa mmoja wao hakunipi sifa yoyote; niliikata kwa sababu benki iliyonikopesha pesa za kujengea ilinilazimisha. Ndivyo walivyoipata wengi wa walio nayo, na mikopo yenyewe ya nyumba katika Kenya nzima ni takriban 30,000 tu. Kaunti yetu ya Kilifi peke yake ilihesabiwa watu 1,453,787 katika sensa ya 2019.

Tena nilikuwa na shahidi. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimetua kisiwani Mafia, Tanzania, tarehe 4 mwezi huo, na Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetutahadharisha sisi wa pwani ya Kenya juu ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Nikajaza fomu ya madai. Palipoulizwa chanzo cha hasara, nikaandika: Kimbunga Hidaya. Nilimsingizia, na nakiri leo kwa sababu uongo ule mdogo ndio ulionisomesha.

Kampuni ilimtuma mkadiriaji kutoka Mombasa, kijana mpole aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaomba ngazi, akafungua kijimlango cha siling'i, akazamisha kichwa na tochi. Nikamsikia akiguna huko juu.

"Mwalimu, hili paa lilianza kuvuja lini?"

"Wiki ya Hidaya."

"Hebu panda uone."

Nikapanda. Akamulika ubao uliokuwa chini ya ule msumari. Palikuwa na doa la rangi ya chai, na nje ya doa hilo pete ya rangi iliyokolea, na nje ya pete hiyo pete nyingine, na nyingine. Kila masika ilikuwa imeacha alama yake ilipokauka. Akazihesabu kwa kidole, taratibu, kama mtoto anayejifunza kusoma: moja, mbili, tatu, nne.

"Hidaya alikuja mara ngapi, mwalimu?"

Tulicheka wote wawili, mimi kwa aibu. Barua ilikuja baada ya wiki chache. Ilikuwa fupi na ya heshima, na neno lililobeba uzito wote lilikuwa moja: uchakavu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza majirani habari za mapaa yao, na nimegundua kwamba karibu kila mtu anaibebea bima ya nyumba dhana ileile niliyokuwa nayo. Twadhani swali ni kama paa limevuja. Kampuni haiulizi hilo kabisa; yaona wazi kwamba limevuja. Yauliza lini, na kwa tukio gani. Bima hulipa kitu chenye tarehe: moto wa Jumatano, radi ya usiku wa Idi, dhoruba iliyong'oa bati nne na kuzitupa kwa jirani. Kutu haina tarehe. Mchwa hawana tarehe. Msumari uliolegea kidogo kidogo kwa miaka sita hauwezi kutaja siku uliyoiachia mvua mlango.

Jambo hili ni la zamani kuliko nyumba zetu, na limetokea baharini. Neno bima lilitufikia kupitia wafanyabiashara wa Kihindi, na asili yake ya Kiajemi ni bim, yaani hofu. Hofu ya kwanza iliyowekewa bei ilikuwa ya vyombo na shehena. Sheria ya Uingereza ya bima ya baharini ya 1906, ambayo sheria yetu ya Kenya, Sura ya 390, imeifuata kwa karibu, inasema kwamba mkataba usipoeleza vinginevyo, kampuni haiwajibiki kwa uchakavu wa kawaida, wala uvujaji wa kawaida, wala hasara ya panya na wadudu. Uvujaji wa kawaida! Baharia yeyote wa jahazi angeielewa sheria hiyo bila wakili. Jahazi la mbao huingiza maji. Ndiyo tabia yake. Ndiyo maana kuna kalafati, kuna mafuta ya papa ya kupaka, kuna kijana wa kufua maji. Hakuna nahodha aliyerudi Malindi akadai alipwe kwa sababu chombo chake kilihitaji kalafati. Mwamba ukikipasua, hapo ni habari nyingine.

Nasi tukapanda nchi kavu, tukasahau kwamba paa ni jahazi lililopinduliwa.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Nilipoisoma barua ile niliiona kampuni kuwa ndiyo mchukuzi: pakacha langu linavuja, mzigo wake unapungua. Baadaye nilitulia. Kama kila paa la pwani lililochoka lingelipiwa na bima, ada ya mwaka ingekuwa sawa na bei ya paa jipya, na mwenye kukarabati nyumba yake kila mwaka angekuwa anamlipia mvivu. Nakubali hoja hiyo. Nisichokubali ni kwamba wakala aliyeniuzia, aliyekunywa chai yangu na kula mahamri yangu, hakuwahi kunieleza. Kurasa zilikuwa kumi na tisa, na orodha ya yasiyolipwa ilianza ukurasa wa kumi na mmoja.

Niizungumzie basi hiyo orodha, kwa kuwa kwetu inauma kuliko kwingine. Mkataba wa kawaida wa bima ya nyumba nchini una sehemu ya jengo, sehemu ya vyombo vya ndani, sehemu ya vitu vya thamani unavyotembea navyo, na sehemu za dhima kwa wafanyakazi wa nyumbani na kwa watu wengine. Sehemu ya jengo hutaja hatari moja moja: moto, radi, mlipuko, tetemeko, ghasia, dhoruba na mafuriko, kupasuka kwa matangi na mabomba. Ukisoma kwa makini utaona kwamba maji ya mvua hayaingii mkatabani kwa jina lake. Huingia nyuma ya dhoruba. Ni lazima upepo ufungue paa kwanza, kisha mvua ipite pale palipofunguliwa. Mvua ikipita kwenye tundu lililokuwepo, au dirisha lililosahauliwa wazi, hiyo ni mvua tu.

Likishafunguliwa na dhoruba, mambo hugeuka upande wako. Hapo hulipwi bati peke yake. Siling'i iliyobomoka huhesabiwa, na kama umekata bima ya vyombo vya ndani, hata godoro na televisheni. Jirani yangu mmoja alilipwa kwa namna hiyo. Upepo ulimng'olea kona nzima ya paa mchana kweupe, bati likaonekana na mtaa mzima likiruka, na naye akapiga picha kwa simu kabla hata ya kuokota vyombo. Alikuwa na tarehe, saa na mashahidi. Mimi nilikuwa na pete nne za rangi ya chai.

Mabati yetu yana adui ambaye wenzetu wa Nyeri hawamjui: chumvi. Upepo wa kaskazi na kusi huvuma karibu mwaka mzima, na kila pumzi yake yabeba bahari. Kwenye nyumba iliyo karibu na ufuo chumvi hula misumari kwanza, kisha mikunjo ya bati, kisha bati lenyewe. Bati jembamba la geji 30 linalodumu bara huku huwa limekwisha haraka. Mkataba, hata hivyo, umeandikwa Nairobi, na kutu kwake ni kutu tu, iwe ya miaka ishirini Limuru au ya miaka sita Mayungu.

Makuti nayo ni kisa peke yake. Wengi waliotoka bara wakija Watamu na Malindi huyaona makuti kuwa urembo. Fundi mzee wa Ganda anayenitengenezea banda la jikoni huyaona kama kalenda. Makuti ya viungo, yaliyoshonwa vyema na kina mama, yakipangwa kwa karibu kwenye paa lenye mteremko mkali, yatakupa miaka mitano, saba, pengine zaidi kidogo. Paa likilala mno, maji hukaa, makuti huoza kabla ya siku zake. "Mwalimu," aliniambia akiwa juu ya kombamoyo, "makuti hayaharibiki. Yanakwisha." Sijawahi kusikia wakili akieleza tofauti ya ajali na uchakavu kwa maneno machache hivyo.

Mikataba nayo huanza kwa kueleza nyumba ya kawaida ni ipi: kuta za mawe, matofali au saruji, paa la vigae, bati au zege. Makuti hayamo. Mwenye makuti hana budi kusema, na akisema huongezewa ada, wakati mwingine na masharti ya vizima moto na nyaya za umeme. Hapo kinachoiogofya kampuni ni moto, mvua haiisumbui. Hoteli za Malindi na Watamu zimeungua zaidi ya mara moja kwa cheche iliyopata makuti makavu siku ya upepo. Na hapa pana kichekesho ambacho fundi wangu hucheka nacho kila mara: makuti yanayodumu kuliko yote ni yale ya jiko la kuni, kwa sababu moshi huwafukuza wadudu. Kinacholizuia paa lisivuje ndicho kinachoinyima kampuni usingizi.

Usipolitaja hilo banda la makuti lililoegemezwa nyuma ya nyumba ya bati, kwa kudhani halihesabiki, umeweka fitina ndani ya mkataba wako mwenyewe. Siku ya madai litaonekana, na utaulizwa kwa nini ulilificha.

Kuna na wanyama. Nani Gede hajapata kumfukuza kima juu ya paa? Kunguru wa Kihindi nao huchomoa nyuzi za makuti kama wanaofumua fulana. Mikataba huwatoa wadudu na wanyama waharibifu, na sijui mwanasheria atakayethubutu kunyanyuka mahakamani Malindi kubishana kama kima ni mharibifu au ni jirani. Nazi nazo huanguka. Minazi yenyewe huanguka. Mti ulioangushwa na dhoruba kwa kawaida huwa na njia ya kulipwa. Nazi moja inayobonyeza bati kila wiki ni maisha.

Aisifuye mvua imemnyea, na waliokuwa hapa kabla yetu walinyewa sana. Nenda Gede, mji uliohamwa katika karne ya 17, ambao mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948 na ambao UNESCO iliutia katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kuta zimesimama, milango ya tao imesimama, hata vyoo na visima vipo. Kinachokosekana ni paa. Mapaa yake yalikuwa ya kulala: boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, juu yake tabaka nene la chokaa na kokoto lililopondwapondwa mpaka likashikana. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa havikuweza kuzidi urefu wa boriti. Yalikuwa mapaa hodari, lakini yalitaka mtu. Kila mwaka ilibidi nyufa zizibwe na chokaa ipakwe upya. Watu walipoondoka, maji yakapata ufa, ufa ukafikia boriti, boriti ikaoza, na dari ikaanguka sebuleni. Paa ndilo lililotangulia.

Naikumbuka Gede kila nipitapo kwenye majumba ya kifahari ya Silversands au Watamu yaliyofungwa. Malindi na Waitaliano ni historia ndefu, tangu miaka ya 1960 kilipojengwa kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni. Wengi huja msimu wa kaskazi na kuondoka kabla ya masika, yaani nyumba hubaki na mlinzi peke yake katika miezi ileile paa linapojaribiwa. Mikataba mingi hupunguza au kuondoa sehemu ya kinga nyumba ikikaa bila mwenyeji siku 30 mfululizo, hasa kwa wizi na kwa maji ya mabomba. Mlinzi anayelala kwenye kibanda cha getini huenda asihesabiwe kuwa mwenyeji. Jambo hilo huulizwa kabla ya ndege kuruka, na jibu huchukuliwa kwa maandishi.

Wenye majumba hayo huwa na kosa jingine, ambalo hata mimi nililifanya kwa upande wa pili. Hukata bima kwa bei ya kununulia, ambayo ndani yake mna ufuo, na ufuo hauezekwi. Mimi nilikata kwa kiasi cha deni la benki. Kinachotakiwa ni gharama ya kujenga upya leo. Tuseme kuijenga nyumba kutakuwa shilingi milioni 6, nawe umeikatia bima ya milioni 3. Dhoruba ikiharibu paa la shilingi 400,000, kampuni itasema uliikinga nusu ya nyumba, basi pokea 200,000. Kisha itatoa ile sehemu ya kwanza ambayo kila mtu hujibebea, mawakala huiita ekses. Hakuna aliyekuibia. Ni hesabu ya darasa la sita.

Kwa walio ghorofani Mtwapa na Kilifi mjini, ambako paa ni zege na lami, mtu wa ghorofa ya juu hulowa kwa niaba ya jengo zima. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa vyumba ndani ya majengo inaipa jumuiya ya wamiliki jukumu la kulikatia bima jengo. Kumbuka tu kwamba lami iliyopasuka kwa jua ni uchakavu vilevile, na mchango wa ukarabati ambao wenzako hawataki kuutoa ndio paa lako.

Je, basi bima ya nini? Rafiki yangu mmoja, baada ya kusikia kisa changu, aliapa hatakata kamwe. Naona amekosea, ingawa kosa lake ni dogo kuliko langu. Paa linalokwisha kwa miaka saba twaweza kuliwekea akiba. Moto hauwekewi akiba. Hivi ni vitu viwili na vinataka mifuko miwili. Wazee wa Kigiriama na Mijikenda wengine walikuwa na mfuko wa kwanza, wakauita mweria: leo twakusanyika kwako, kesho kwangu, na nyumba inaezekwa kabla mvua haijaanza. Kule bara, katika miaka ya 1960, kina mama wa Mlima Kenya walichanga na kununuliana bati, nyumba baada ya nyumba, mpaka vikundi vyao vikaitwa vikundi vya mabati. Chama cha mke wangu hufanya hivyohivyo hadi leo, isipokuwa kwamba siku hizi zamu hupokelewa kwa simu. Huo ndio ufadhili wa uchakavu, na hauna ukurasa wa kumi na mmoja.

Mfuko wa pili ndio wa kampuni. Walio na wasiwasi wa riba wamekuwa na takaful, yaani bima ya Kiislamu, nchini tangu 2011, na si haba walioingia huko kwa amani ya moyo. Ila takaful nayo, kwa paa lililokula chumvi, itakuuliza lini. Na anayeona ameonewa asiishie kulalamika barazani. Mamlaka ya Kudhibiti Bima hupokea malalamiko, na Idara ya Hali ya Hewa ina kituo hapa Malindi kinachopima mvua na upepo wa kila siku. Laiti ningekwenda kituoni kabla ya kujaza fomu, wangeniambia usiku wa tone langu upepo ulivumaje, nami ningejihifadhia aibu yangu.

Mwaka huu nimeezua. Bati nene zaidi, misumari mipya, mbao zenye pete zimekwenda kuwa kuni. Benki haijui na haijali. Kabla fundi hajafunga bati la mwisho nilimwomba anipishe, nikapanda na simu na kipande cha mkaa. Nikapiga picha ubao kwa ubao, kavu kabisa, kisha nikaandika tarehe kwa herufi kubwa kwenye boriti iliyo mbele ya kijimlango cha siling'i, mahali ambapo tochi ya mgeni ndipo itakapotua kwanza.

Fundi alinitazama. "Hiyo ni hirizi, mwalimu?"

Nikamwambia ni jibu. Hakuuliza la swali gani. Mawingu yalikuwa yanapanda upande wa mto Sabaki, na bati moja lilikuwa bado mkononi.